Mji Uliosimama Juu ya Miti

Wasemao kwamba msafiri huona mengi husema kweli, lakini husema nusu yake tu. Msafiri huona yale ambayo macho yake yamekwisha kufundishwa kuyaona nyumbani kwake. Mtu wa mlimani akienda ugenini hutazama kwanza miinuko. Mfugaji hutazama majani. Na mtu aliyelelewa karibu na mto mkubwa hutazama maji. Mimi nililelewa Utete, katika ukingo wa kusini wa mto Rufiji, na kwa hiyo nilipofika Hamburg, mji wa Ujerumani wenye sifa ya mifereji na majumba, kitu cha kwanza nilichokitazama hakikuwa jumba wala makumbusho. Nilisimama darajani nikainamia mfereji. Nikaona matope ya kijivu yamebaki wazi chini ya ukuta, na alama ya maji imekauka juu yake kupita kimo cha mtu. Nikajua, kabla sijaambiwa, kwamba maji ya mji ule hujaa na kupwa.

Hamburg uko mbali na bahari, mwendo wa kilomita zipatazo 100, lakini mto wake, uitwao Elbe, huyapokea maji ya bahari na kuyafikisha mpaka katikati ya mji, kisha huyarudisha, mara mbili kila siku. Madaraja yake yapata 2,500, na wenyeji hupenda kumwambia mgeni kwamba idadi hiyo yaishinda ile ya Venice. Mgeni wa kwetu hana haja ya kushangaa. Mto Rufiji nao ukikaribia bahari, mkabala wa kisiwa cha Mafia, hugawanyika kuwa mikono mingi yenye majina yake: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na mingineyo, na maji hupanda na kushuka katika mikono hiyo kama yapandavyo na kushuka Hamburg. Tofauti ni kwamba mifereji ya Hamburg imejengewa kuta za mawe na matofali, na ya kwetu imejengewa kuta za mizizi ya mikoko.

Nasema haya si kwa kujisifia mto wetu, bali kwa sababu yatueleza jinsi ya kuusoma mji wa namna ile. Vitabu vya wasafiri humwelekeza mtu kutazama juu: minara, madirisha, sanamu na nakshi. Maoni yangu ni kwamba katika mji uliojengwa juu ya maji, mwanafunzi wa historia hana budi kuanza kwa kutazama chini. Jumba hukumbuka jina la mwenyewe, na mara nyingine jina la fundi wake. Lakini halikumbuki msitu uliolibeba wala mikono iliyoukata. Kumbukumbu hiyo yatafutwa mahali pengine, na wakati mwingine mahali hapo ni mbali sana, nasi ndio wenyeji wake.

Tuanze na jumba la Baraza la Mji. Lilijengwa tangu mwaka 1886 hata mwaka 1897, badala ya lile la zamani lililopotea katika moto mkubwa wa mwaka 1842. Mkuu wa wasanifu wake alikuwa Martin Haller. Jumba hilo lina vyumba 647 na mnara wenye urefu wa mita 112, na mtu aonaye mzigo huo wote wa mawe hawezi kudhani kwamba chini yake hakuna mwamba. Chini yake kuna matope, na ndani ya matope zimepigiliwa nguzo 4,000 za mti wa mwaloni. Amsterdam nako, katika nchi ya Uholanzi, jumba la kifalme lililoanzwa mwaka 1648 lilisimamishwa juu ya nguzo 13,659, na watoto wa shule hufundishwa hesabu hiyo kwa moyo. Venice pia ni mji wa nguzo.

Mtu aweza kuuliza: mti ukizikwa katika maji miaka mia mbili au mia tatu, hauozi? Jibu lake alijua kila mkata mikoko wa delta, ijapokuwa hakulisoma chuoni. Mti huoza pale palipo na maji na hewa pamoja. Gogo lililozama kabisa katika tope zito halipati hewa, na wadudu na ukungu wanaoula mti hawawezi kuishi humo. Kwa hiyo hudumu. Lakini maji yakishuka na kichwa cha nguzo kikapata hewa, uozo huanza, na nyumba iliyo juu hupata ufa. Ndiyo sababu katika miji ile hushughulikia sana kimo cha maji yaliyo chini ya nyumba zao. Uzima wa jumba hutegemea kitu kisichoonekana, nacho hutegemea kubaki mahali pake.

Baada ya Baraza la Mji nilikwenda kwenye mtaa wa maghala, uitwao Speicherstadt, ambao mwaka 2015 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni safu ndefu za matofali mekundu zilizosimama juu ya nguzo za mti, kila ghala lina uso mmoja wa majini na uso mmoja wa barabarani, ili mashua ishushe mzigo upande huu na gari liuchukue upande ule. Juu ya paa kuna makapi na minyororo ya kuinulia magunia hata ghorofa ya mwisho. Kazi ya kuujenga ilianza miaka ya 1880, na sehemu ya kwanza ilifunguliwa na Kaisari Wilhelm wa Pili mwezi Oktoba mwaka 1888. Kahawa, chai, viungo na mazulia vilikaa humo vikingojea bei. Vita vya mwaka 1943 viliharibu karibu nusu ya maghala hayo, na mengi yakajengwa upya.

Uzuri wake hauna shaka. Hata hivyo, kabla ya maghala kujengwa, mahali pale palikuwa na mitaa ya watu. Watu wapatao 20,000 walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa ili biashara ipate nafasi. Mtu wa Rufiji asikiapo habari hiyo huinua uso, kwa kuwa kuhamishwa ni neno alijualo. Nami nikafahamu jambo ambalo sikulitazamia: kwamba majumba yale hayakusahau watu wa mbali peke yao, bali yalisahau hata watu wa mji ule ule, waliokuwa maskini.

Sasa tuyatazame majina. Karibu na maghala kuna mtaa wa ofisi za wafanya biashara, na humo mna jumba moja lenye umbo la gubeti ya meli, kazi ya msanifu Fritz Höger, lililojengwa tangu mwaka 1922 hata mwaka 1924. Jina lake ni Chilehaus, yaani Nyumba ya Chile, kwa sababu mwenyewe, Henry Sloman, alipata utajiri wake katika biashara ya shura iliyochimbwa katika nchi ya Chile. Si mbali sana na hapo kuna Afrikahaus, Nyumba ya Afrika, iliyojengwa mwaka 1899 kwa ajili ya kampuni ya Woermann, na mchoraji wa ramani yake alikuwa yule yule Martin Haller wa Baraza la Mji. Mlangoni amesimama shujaa wa Kiafrika wa shaba nyeusi, na uani wamo tembo wawili. Nilimtazama shujaa yule kwa muda mrefu. Hana jina, hana kabila, hana mji. Amewekwa awe bawabu wa nyumba ambayo habari zake hazimo.

Lakini nyumba hizi, kwa majina yao, zimekiri jambo ambalo nyingine zimelificha: zimekiri kwamba mali iliyozijenga ilitoka nchi nyingine. Na pwani yetu ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa imekwisha kufungua duka Unguja mwaka 1849, na mwaka 1859 miji ya biashara ya Kijerumani ilifanya mkataba na Sultani. Ni kwa njia ya biashara hiyo Heinrich Ruete wa Hamburg alikaa Unguja, na Binti Said, Sayyida Salme, alimfuata Hamburg mwaka 1867 baada ya kuolewa naye. Huyo mwana wa Unguja amezikwa katika mji ule ule wa mifereji. Mwaka 1890 ikaanzishwa kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, ambayo bandari yake ya nyumbani ilikuwa Hamburg, ili kuunganisha mji huo na makoloni ya Afrika ya Mashariki.

Na sasa twaingia Rufiji. Katika vitu vilivyotolewa pwani ya koloni la Kijerumani kwenda Ujerumani palikuwa na magome ya mikoko. Gome la mkoko na la mkandaa lina maji mekundu makali, ambayo ni dawa ya kutengenezea ngozi, na viwanda vya ngozi vya Ulaya viliyahitaji sana. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani iliufanya msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji kuwa hifadhi ya serikali, nao ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza kabisa ya koloni kuwekwa chini ya amri ya namna hiyo. Mpaka leo msitu huo ndio mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko ya pwani ya Afrika ya Mashariki, wa hekta zipatazo 50,000.

Yafaa tufikiri maana ya jambo hilo kwa mwenyeji wa wakati ule. Jana alikata boriti ya nyumba yake, au akamkatia nahodha wa jahazi kwa bei waliyopatana, na leo mti ule ule aliambiwa una mwenyewe, na kuukata kwataka ruhusa na malipo. Tena mti unaovuliwa gome kuuzunguka haupati chakula tena. Hukauka ungali umesimama. Kiatu cha mtu wa Ulaya kilipata rangi yake nzuri, na delta ikabaki na miti mitupu. Haya yalikuwa sehemu ya mzigo, wala si mzigo wote. Ulikuwako na kodi, ulikuwako na ulimaji wa pamba kwa kulazimishwa. Miaka saba baadaye Kinjikitile Ngwale, aliyekaa Ngarambe, alikuwa amekwisha kuwakusanya watu kwa dawa ya maji. Na Vita vya Majimaji vilipoanza Umatumbi mwezi Julai mwaka 1905, alikamatwa akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Mohoro ipo kusini ya delta. Mtu atokaye Utete aweza kwenda na kurudi.

Katika mojawapo ya makumbusho ya Hamburg niliona ndoana za wapagazi, mizani, magunia, na visu vya kutobolea gunia ili kuonja kahawa. Nilivitazama kwa heshima, maana ni vyombo vya watu wa kazi. Nikatafuta gome la mkoko sikuliona, nikatafuta jina la Rufiji sikuliona pia. Alikuwapo mzee mmoja Mjerumani, mgeni wa siku moja kama mimi, akaniuliza kwa adabu natoka wapi. Nikamwambia natoka Tanzania, mahali paitwapo Rufiji. Uso wake ukang'aa. "Rufiji!" akasema. "Napajua. Ndipo ilipozama Königsberg yetu."

Sikumlaumu, wala simlaumu sasa. Alikuwa amepata kusoma, na alichokisoma kilikuwa kweli. Manowari Königsberg ilizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya Rufiji, nyuma ya mikoko, na Waingereza walihitaji miezi mingi, eropleni, na meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, kabla ya kuipata vizuri. Tarehe 11 Julai 1915 nahodha wake aliizamisha mwenyewe baada ya kupigwa vibaya. Mizinga yake kumi iliopolewa ikaburutwa nchi kavu ikatumika katika vita. Mmoja wapo umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, ambapo msomaji aweza kwenda kuushika kwa mkono wake.

Lakini jibu la mzee yule lilinifundisha jambo. Kwake Rufiji palikuwa mahali ambapo meli yao ilizama. Palikuwa maji na matope yasiyo na watu. Wakata boriti, wakulima wa mpunga, wavuvi, wapiga makasia, wote hawakuwamo katika picha. Na hata msitu ulioificha meli miezi minane na zaidi ulikuwa kwake kama pazia la mchezo, ambalo hakuna aulizaye limefumwa na nani.

Liko na jambo jingine ambalo sikupata kumweleza. Königsberg haikuwa peke yake. Ilikuwa na meli ya kuichukulia makaa, jina lake Somali, mali ya kampuni ile ile ya Deutsche Ost-Afrika-Linie. Mwezi Novemba mwaka 1914 meli hiyo ilipigwa mizinga na Waingereza ikaungua ndani ya delta. Kwa hiyo nilipotafuta Rufiji katika Hamburg nisiipate, nilipaswa kukumbuka kwamba Hamburg imo katika Rufiji, chini ya matope. Mji ambao hauna habari zetu katika maghala yake umeacha chuma chake chini ya mikoko yetu. Hakuna nchi mbili zilizofanya biashara na vita zisizoachiana kitu; swali ni nani aliyeandika orodha.

Asije msomaji akadhani kwamba mji ule hauna watu wanaojiuliza maswali. Chuo Kikuu cha Hamburg kilianza mwaka 1919, na mizizi yake imo katika Chuo cha Makoloni kilichofunguliwa mwaka 1908, ambapo Carl Meinhof alifundisha lugha za Kiafrika na Kiswahili kikiwamo, ili maofisa na wafanya biashara waje kwetu wakijua kusema. Mbele ya chuo hicho ilisimamishwa mwaka 1922 sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa kuwavunja watu wa pwani waliopigana pamoja na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka 1889. Sanamu hiyo ina historia ya ajabu. Ilisimama kwanza Dar es Salaam, tangu mwaka 1909. Waingereza waliichukua kama nyara ya vita. Kisha ikarudishwa Ujerumani. Ilimwonyesha Wissmann amesimama juu, na askari Mwafrika chini yake akimtazama kwa kuinua kichwa. Mwaka 1967 wanafunzi wa chuo waliifunga kamba wakaiangusha, ikasimamishwa tena, na mwaka 1968 wakaiangusha mara ya mwisho, isisimame tena mahali pale.

Naipenda habari hiyo, na sababu yake si furaha ya kuona sanamu ikianguka. Naipenda kwa kuwa yaonyesha kwamba jiwe na shaba si mwisho wa mabishano. Vijana ambao baba zao walipita chini ya sanamu ile bila kuuliza, wao waliuliza. Na swali likiisha kuulizwa huendelea na safari yake: mwezi Novemba mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika Vita vya Majimaji. Kutoka kamba ya mwanafunzi hata kauli ya rais ni miaka 55. Historia huenda polepole, lakini haiendi kamwe ikiwa hakuna wa kuisukuma.

Hapa ndipo insha yangu inapogeuka, na pengine isiwapendeze baadhi ya wasomaji. Ni rahisi kuushtaki mji wa watu kwa usahaulifu. Nilipokuwa njiani kurudi nilijiuliza: je, sisi wenyewe twakumbuka? Nikafikiri habari za Unguja.

Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni mji wa mawe kwa jina, na kwa nusu ya kweli. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Lakini dari na sakafu za ghorofa zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Ndivyo zilivyokuwa nyumba za Lamu, za Pate na za Kilwa kabla yake. Boriti ya mkoko iwezayo kubeba dari nzito ya mawe na chokaa haipiti sana mita tatu, na kwa hiyo chumba cha nyumba ya kale ya pwani kikawa kirefu na chembamba, upana wake ukifuata urefu wa boriti. Wataalamu wameandika mengi juu ya ustaarabu wa chumba hicho, juu ya zidaka zake na milango yake ya nakshi; lakini kipimo chake cha kwanza kilitolewa na mti uliomea matopeni. Mwungwana alikaa katika chumba kilichokatwa kwa kipimo cha mkoko, na sehemu kubwa ya mikoko hiyo ilitoka delta ya Rufiji.

Wala haikuishia Unguja. Kila mwaka majahazi ya Oman, ya Kuwait na ya Ghuba yalikuja na kaskazi, yakiwa na tende na chumvi na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa na boriti, maana nchi zile hazina miti ya kujengea. Huko boriti hizo huitwa chandal. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika jahazi moja la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, akaingia nalo Rufiji, akaona mabaharia wakihangaika katika matope na mbu kuipakia miti hiyo, na kitabu chake kilichotolewa mwaka 1940 chaeleza taabu hiyo vizuri. Basi habari za kazi ya delta twazipata kwa mgeni aliyekaa majuma machache. Yuko wapi mwenyeji aliyeziandika?

Bado zipo alama katika lugha. Boriti ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Miti ilitajwa kwa unene wake: fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, na kila jina lilikuwa na kazi yake ndani ya nyumba. Miti yenyewe ina majina yake, mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mkomafi, mlilana, na mkataji aliijua kwa gome na kwa jani na kwa mahali ilipopenda kusimama katika maji. Hiyo ni elimu. Mtu aliyeijua alikuwa msomi wa fani yake, ijapokuwa hakuna chuo kilichompa shahada. Lakini nenda katika majumba ya pwani yaliyo makumbusho, ukaulize habari za mlango, utaambiwa. Ukaulize habari za kikombe cha Kichina, utaambiwa. Kisha uinue macho ukaulize habari za boriti zilizo juu ya kichwa chako. Mara nyingi utajibiwa kwamba ni miti tu.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo lilikuwa limekwisha kufanywa makumbusho, ilianguka, na watu walipoteza maisha. Jumba hilo lilisifiwa kwa nguzo zake za chuma kutoka ng'ambo, kwa umeme wake, kwa saa yake. Wote tulilitazama kwa mbele. Sitaki kujifanya mhandisi na kuhukumu sababu; nasema tu kwamba siku ile pwani nzima ilikumbushwa jambo ambalo watu wa miji ya mifereji walikwisha kulijua, kwamba jumba hufa kutokea mahali pasipotazamwa.

Na kumbukumbu pia hufa hivyo hivyo. Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940, na yamefanya kazi kubwa. Lakini hakuna makumbusho ya taifa yawezayo kukusanya habari za kila kijito. Kazi hiyo ni ya wenyeji na wanafunzi wao. Delta sasa imo katika wilaya ya Kibiti, iliyogawanywa kutoka Rufiji katika miaka ya 2010. Eneo lake lilitambuliwa mwaka 2004, pamoja na Mafia na Kilwa, kuwa ardhi oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Juu ya mto, bwawa kubwa la umeme lilianza kujazwa maji mwezi Desemba mwaka 2022. Mwezi Aprili mwaka 2024 mafuriko yaliingia mashambani na majumbani, Rufiji na Kibiti. Nchi ile inabadilika mbele ya macho yetu, na wazee waliouona wakati wa majahazi ya Ghuba ni wachache, na kila mwaka ni wachache zaidi.

Sisemi tujenge jumba kubwa Utete lenye nguzo na mnara. Nasema aende mwanafunzi mmoja na daftari. Aketi na babu aliyekata boriti, amwulize jina la kila mti, na jinsi ya kuhesabu korija, na nyimbo za kuvutia magogo, na bei alizolipwa, na nani alimdhulumu. Aketi na bibi ambaye mumewe aliondoka na maji kujaa asirudi, amwulize alikula nini mwaka ule na watoto wake. Ayaandike kwa maneno yao wenyewe, wala asiyanyoshe yapate kufanana na maneno ya vitabu. Kisha daftari hilo liwekwe mahali ambapo mtoto wa Utete aweza kulifungua. Akifanya hivyo, atakuwa amepigilia nguzo moja.

Siku yangu ya mwisho Hamburg nilirudi kwenye daraja lile la kwanza. Maji yalikuwa yamejaa. Matope hayakuonekana tena, na maghala mekundu yalijitazama katika mfereji kama mtu ajitazamaye katika kioo. Watalii walipiga picha. Mimi nilikuwa nafikiri juu ya zile nguzo za mwaloni zilizo chini, na juu ya msitu zilikotoka, na juu ya watu walioukata, ambao majina yao sikuyaona popote katika mji ule. Nao pia walikuwa na wake na watoto na nyimbo za kazi. Nikaona kwamba wakata miti wa kwao na wakata boriti wa kwetu wamefanana katika jambo moja: wote wameibeba miji wasiyokaribishwa ndani yake. Maji yakaanza kupwa, nikaenda zangu.